Sekunde 15 Mbele ya Kompyuta ya Parokia



Mwezi Julai, huku kwetu Mwika, ukungu hushuka mlimani asubuhi na kukaa juu ya migomba hadi karibu saa tano. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu baada ya mwaka wa pili wa falsafa, na Baba Paroko alinipangia kazi tatu: kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kutembelea jumuiya ndogo ndogo pamoja na katekista, na "kuangalia ile kompyuta ya ofisini". Kazi mbili za kwanza nilizitolea taarifa kwa walezi wangu kama inavyotakiwa. Ya tatu haina nafasi kwenye fomu ya taarifa ya kichungaji, lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ndiyo iliyonitia aibu. Kwa hiyo naiandika hapa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, zawadi ya Mkristo mwenzetu anayefanya kazi Dar es Salaam. Kioo chake ni bapa na kipana, tofauti na ile ya chogo tuliyokuwa nayo zamani, ambayo watu wawili walihitajika kuinyanyua. Miezi michache kabla ya likizo yangu ilijaa virusi, akaitwa fundi, akaifuta na kuweka Windows upya. Tangu siku hiyo kila kitu kilionekana kikubwa, chenye ukungu na kilichotanuka. Picha ya kwaya iliyowekwa kwenye skrini iliwaonyesha wanakwaya wote wamenenepa kwa usiku mmoja. Duara la hostia kwenye kadi za Komunyo ya Kwanza lilikuwa yai.

Anayeitumia ni katibu wa ofisi ya parokia. Sisi vijana tunamwita Mama Katibu. Ana miaka 58, na alianza kazi hiyo kwa mashine ya taipu wakati mimi sijazaliwa. Mwaka huo alikuwa na kazi nzito: Baba Paroko alitaka majina yaliyomo kwenye vitabu vya ubatizo yaingizwe kwenye kompyuta, ili mtu akija kuomba cheti asisubiri nusu siku huku kurasa zikifunuliwa moja moja. Wenye parokia za zamani mnaijua kazi hiyo. Vikarieti ya Kitume ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1910 na Jimbo la Moshi mwaka 1953, na ubatizo wa watu wetu umeandikwa kwa wino kizazi baada ya kizazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kila parokia iwe na vitabu hivyo na ivitunze. Tena kipaimara, ndoa na upadrisho huandikwa pembeni mwa jina lile lile la ubatizo. Maisha yote ya Mkristo yamening'inia kwenye mstari mmoja wa daftari.

Nilipofika ofisini niliamkia, nikapewa kiti na kikombe cha chai. Nikauliza tatizo. Mama Katibu akasema, "Frateri, safu za majina hazitoshi kwenye kioo. Nikiona jina la mtoto sioni la msimamizi, nikiona la msimamizi jina la mtoto limeshakimbia." Hilo ndilo alilosema, na hilo ndilo nililosikia. Sikuuliza swali la pili.

Naomba nieleze kidogo tatizo lilikuwa nini, maana najua ofisi nyingi za parokia na vigango zinalo. Skrini bapa imetengenezwa kwa vitone vidogo vya mwanga viitwavyo pikseli, na idadi yake haibadiliki tangu kiwandani. Ya kwetu ina vitone 1920 kwa mlalo na 1080 kwa wima, jumla 2,073,600. Idadi ya vitone ambavyo kompyuta inachora ndiyo huitwa rezolusheni. Kompyuta yetu ilikuwa inachora picha ya 1024 kwa 768, ambayo ni vitone 786,432 tu, kisha skrini inalazimika kuitanua picha hiyo mpaka ijae. Ni kama kuchukua kanzu ya mtumishi wa altare wa darasa la tatu na kumvalisha shemasi. Zaidi ya hayo, picha ya 1024 kwa 768 ina umbo la 4 kwa 3, kama televisheni za zamani, wakati kioo chetu ni cha 16 kwa 9. Ndiyo maana wanakwaya walinenepa.

Nilifungua mipangilio ya skrini nikitegemea kuchagua namba sahihi na kwenda zangu. Lakini 1920 kwa 1080 haikuwepo kwenye orodha. Sababu ya kwanza ilikuwa draiva. Kadi ya picha ndani ya kompyuta inahitaji programu yake maalumu. Isipokuwepo, Windows hutumia ya kawaida, inayotosha kukuonyesha kitu lakini si kwa ukamilifu. Fundi alikuwa hajaiweka. Nikanunua bando, nikaunganisha simu yangu, nikaipakua kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta na kuiweka. Nikazima, nikawasha. Orodha ikaongezeka kidogo, lakini namba yetu bado haikuwemo.

Sababu ya pili ilinichukua siku mbili. Waya wa VGA, ule wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili, una pini 15. Rangi nyekundu, kijani na bluu hupita kwenye pini za 1, 2 na 3. Lakini kuna pini mbili, ya 12 na ya 15, ambazo hazipitishi picha kabisa. Kwa njia yake skrini huiambia kompyuta habari zake: mimi ni wa kampuni fulani, uwezo wangu ni huu, nitumie picha ya vipimo hivi. Pini hizo zikivunjika, picha inaendelea kuonekana, hivyo hakuna anayeushuku waya. Kompyuta, kwa kuwa haijui iliyeunganishwa naye ni nani, inabaki kubahatisha. Nilipochomoa waya wetu nikaona pini ya 12 imekatika. Nikashuka kwa Hiace kupitia Himo hadi Moshi mjini, nikanunua mwingine.

Siku niliyourudisha, 1920 kwa 1080 ilijitokeza yenyewe kwenye orodha, ikiwa na alama ya kupendekezwa. Sitaficha furaha yangu. Muhula uliotangulia tulikuwa tumesoma fundisho la Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe, na hapo mbele yangu niliona kompyuta ikilingana na skrini. Nikabofya.

Sasa, kila aliyewahi kubadili rezolusheni anajua kinachofuata. Windows haikuamini moja kwa moja. Inaleta kisanduku kidogo na kuuliza kama unataka kubaki na mabadiliko hayo, na inaanza kuhesabu sekunde 15. Usipojibu, inarudi kama ilivyokuwa. Imewekwa hivyo kwa sababu huenda umechagua kitu ambacho skrini haiwezi, ukabaki gizani usione hata pa kubofya. Mtu asiyeweza kuona hahitaji kufanya lolote. Akikaa kimya tu, mashine inarudi nyuma.

Mama Katibu alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto. Kisanduku kilitokea, na kabla hakijahesabu sekunde tatu nilikuwa nimeshajibu ndiyo.

"Umeona Mama? Safu zote zinaonekana sasa."

Akasogea, akakunja uso kidogo, akatabasamu. "Imependeza, Frateri. Mungu akubariki." Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya vihamba huku nikiimba.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, alikuja dada mmoja na mchumba wake kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanajiandaa kwa ndoa, na parokia ya huko ilihitaji cheti kipya cha ubatizo, kisichozidi miezi sita, kama ilivyo desturi. Alikuwa amebatizwa kwetu mwaka 1998. Mama Katibu akatafuta kwenye kompyuta. Hakuna. Akatafuta kwa jina la baba. Hakuna. Akamwambia kwa upole arudi Jumatatu Baba Paroko akiwepo. Yule dada alikuwa na tiketi ya basi ya Jumapili. Nilikuwa uani na watoto wa Komunyo, nikamsikia akisema kwa sauti iliyoanza kukatika, "Mimi nimebatizwa hapa. Bibi yangu amezikwa hapa. Mnaniambiaje simo?"

Nikaingia, nikaomba ufunguo wa kabati, nikafungua kitabu chenyewe. Alikuwemo, ukurasa wa kumi na kitu, kwa mwandiko mzuri wa padre aliyembatiza, namba 318. Tukarudi kwenye kompyuta. Alikuwemo huko pia, ila kama namba 313 ya mwaka 1993, na herufi moja ya ukoo wake imekosewa. Cheti kiliandikwa, wakaondoka na amani. Mimi sikuwa nayo.

Jioni ile niliomba tukague kazi pamoja. Nilisoma kitabuni, yeye akafuata kwenye kioo. Mistari aliyoiandika kabla sijaitengeneza kompyuta ilikuwa karibu yote sahihi. Mistari ya baada ya hapo ilikuwa na 3 mahali pa 8, 0 mahali pa 6, mwezi wa kwanza mahali pa wa saba. Alikuwa anasoma huku pua yake ikikaribia kugusa kioo, na hata hivyo aliruka mstari. Hapo nikaelewa, na nikaona moto usoni.

"Mama, macho vipi?"

Alikaa kimya kidogo. "Frateri, maandishi yako ni masafi sana. Ila ni ya vijana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekuambia, baba. Ulikuwa na furaha, nikasema nisikuvunje moyo. Ile ya zamani ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa inanihurumia." Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Halafu mtu ukisema huoni, wanatafuta msichana wa kompyuta. Na mimi nina wajukuu wawili wanasoma."

Sikuwa na jibu. Nilichokiita ubovu kilikuwa miwani yake. Ukungu na utanukaji uliwaudhi wote waliopita ofisini, mimi wa kwanza, lakini yeye alikuwa amejibanza ndani yake na kufanya kazi bila makosa. Nilimwondolea bila kumwuliza, nikampa kioo safi asichoweza kukisoma, na nikapokea asante yake kama malipo ya haki. Kama si yule dada wa Dar es Salaam, makosa yale yangekaa humo miaka, na mtu mwingine angekuja kuambiwa kwamba hayumo.

Katika falsafa tunafundishwa pia kwamba kinachopokelewa hupokelewa kadiri ya hali ya mpokeaji. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Niliandika juu ya nuru na hewa, juu ya akili na maumbo. Sikuwahi kufikiri kwamba mpokeaji anaweza kuwa mama wa miaka 58 aliyekaa upande wangu wa kushoto. Nilihakikisha skrini imeieleza kompyuta habari zake, nikasafiri mpaka Moshi kwa ajili ya pini moja iliyokatika. Kati yangu na Mama Katibu picha ilikuwa inapita vizuri: shikamoo, marahaba, chai, Mungu akubariki. Habari zake zenyewe hazikupita, na sikushuku kitu.

Jumatatu tulikaa tena. Shauri langu la kwanza lilikuwa kurudisha 1024 kwa 768, lakini safari hii niliuliza. Akasema hapana, safu anazipenda zote zikae, anachotaka ni maandishi makubwa. Na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo ningelijua mapema kama ningekuwa na subira: hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina mahali pake. Rezolusheni inaachwa ilivyo, kwa vipimo vya skrini. Ukubwa wa maandishi unabadilishwa kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio, kwa asilimia: 100, 125, 150, 175. Nilisukuma kiti changu nyuma, nikampa kipanya. Alijaribu 125, akatikisa kichwa. Alijaribu 175, safu zikakimbia. Kwenye 150 akanyamaza, akasoma kwa sauti majina matano mfululizo, bila kuinama. Kwa ukubwa huo nafasi ya kazi inakuwa kama ya 1280 kwa 720: upana unazidi ule wa mwanzo, na kila herufi inachorwa kwa vitone vingi zaidi, hivyo ni kubwa na ni safi pia. Tukaongeza ukubwa wa mshale wa kipanya. Nikamwonyesha kwamba akishikilia kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, karatasi ya majina inakua au kupungua peke yake. Alicheka kama mtoto.

Jambo la wajukuu na la macho nilimwomba ruhusa nimwambie Baba Paroko, akakubali. Baba Paroko hakutafuta msichana wa kompyuta. Alimpa siku za kwenda KCMC, ambako wana idara kubwa ya macho, na kamati tendaji ikachangia nauli. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kwanza lilisafishwa Agosti, kabla sijarudi seminarini. Makosa tuliyarekebisha wote watatu, yeye, katekista na mimi, jioni za wiki mbili, mstari kwa mstari.

Kwa walio na tatizo kama la kwetu, ushauri wangu ni huu. Picha ikitanuka, angalieni kwanza kama rezolusheni ya skrini yenu ipo kwenye orodha. Isipokuwepo, wekeni draiva ya kadi ya picha. Ikikataa, chomoeni waya na mhesabu pini. Waya wa VGA ukiwa mzima unaweza kukosa pini moja, ya 9, tangu kiwandani, na hilo si tatizo, lakini ya 12 na ya 15 lazima ziwepo. Msishushe rezolusheni ili kukuza maandishi, kuzeni maandishi yenyewe. Na kabla ya yote hayo, mkalisheni mwenye macho yake mbele ya kioo, kipanya kiwe mkononi mwake.

Siku hizi nikisali na Injili ya Marko, sura ya 10, nakaa sana kwa Bartimayo. Kipofu amekaa kando ya njia ya Yeriko, anapaza sauti, umati mzima unajua shida yake. Bwana anasimama, na kabla ya kumponya anamwuliza anataka afanyiwe nini. Zamani niliona swali hilo kama la ziada. Nani asiyejua kipofu anataka nini? Mimi nilijua Mama Katibu anataka nini.

Tunaosoma seminarini tutakuja kutumwa kwa watu ambao watatuita baba tukiwa na umri wa watoto wao, na watatuambia imependeza hata kama haikupendeza. Wengine kwa heshima, wengine kwa hofu ya mkate wao. Sijui kama nitafika huko, ndugu zangu, niombeeni. Lakini kwenye chumba chetu cha kompyuta, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wakiniita niwasaidie, nimejifunza kukalia mikono yangu kisanduku kile kinapotokea, na kuacha sekunde zihesabiwe.

Jumamosi iliyopita nilikuta ujumbe kutoka anwani ya parokia. Jicho la pili bado linasubiri, la kwanza linaona vizuri. Mwishoni ameandika: "Frateri, 150 sasa imekuwa kubwa mno. Nimerudisha 125. Nimebofya mwenyewe."